Mama mkwe amechuma boga langu bichi, sasa anataka nauli ya kurudi Lushoto

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Nimeifuatilia safu hii muda mrefu na sikutegemea kama siku moja ningeandika mimi, tena kwa jambo la mboga. Nikimsimulia mtu kazini atacheka. Lakini nyumbani kwangu hapachekeki.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro, kazi yangu ni uhasibu. Nyuma ya nyumba tuna kieneo kidogo, hatua kumi na tano kwa nane hivi, ambacho miaka yote kilikuwa cha magugu na matairi mabovu ya mume wangu. Mwaka jana mwezi wa tano nilikisafisha. Nikanunua samadi mkokoteni mmoja, nikapandisha matuta manne, na ukutani nikapanga viroba sita vya sukuma wiki. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuuliza duka la pembejeo na kwa kuharibu. Nina daftari: kila mbegu niliyoiweka ardhini ina tarehe yake, na pembeni nimeandika siku itakapokuwa tayari. Nyanya siku 75. Boga siku 110. Mchicha wiki nne. Katika nyumba hii, Mshauri, hicho ndicho kitu pekee nilichokianzisha bila kumwomba mtu hela wala ruhusa.

Mwezi wa kumi mama mkwe akaja. Ni mtu wa Lushoto, milimani huko, amelima mboga za kuuza maisha yake yote. Mume wangu na ndugu zake wamesomeshwa kwa kabichi na nyanya za yule mama, na hilo nimekumbushwa mara nyingi. Alikuja kwa ajili ya macho. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili; jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji mwezi wa kumi na mbili, la kushoto limepangiwa mwezi ujao. Nampenda, na sisemi hivyo kujikosha. Watoto wangu wamejua hadithi mwaka huu kwa sababu yake.

Tatizo lilianza polepole. Naamka saa kumi na mbili kuwaandaa watoto, nakuta beseni jikoni limejaa. Ameshatoka gizani, ameshachuma, amerudi. Hajaniuliza. Nyanya anazichuma bado za kijani, zina doa tu la wekundu kitakoni, anazipanga kwenye boksi la biskuti chini ya kitanda chake. Mimi nimelima nyumbani ili nile nyanya iliyoivia mtini. Ningetaka ya boksini ningeenda sokoni. Bamia anazichuma zina urefu wa kidole, hazijajaa. Halafu mchicha, ambao ndio wa kuwahi, anauacha. “Bado haujashiba,” ananiambia, mpaka unatoa mashada ya maua na majani yanakuwa kama karatasi. Nikimwonyesha daftari anasema, “Mwanangu, nyanya haijui kusoma.”

Nikanyamaza. Mwezi uliopita nilipiga nyanya dawa ya kantangaze, yule mdudu anayezitoboa, Jumamosi, Jumanne nakuta kachumbari yake mezani. Nikanyamaza hilo nalo, tukala, maana shemeji zangu walikuwepo na sikutaka nionekane natafuta kasoro.

Lililonishinda ni boga. Lilikuwa moja tu. Mashina mengine yalikauka. Nilipanda mwanzoni mwa Novemba, na niliwaahidi watoto na mawifi zangu kwamba futari ya chungu la kwanza la Ramadhani mwaka huu ni boga la kwetu, la nazi. Siku ya 92, sasa ni wiki mbili, narudi kazini nakuta limekatwa, limepikwa, nusu iko sufuriani. Chepechepe, halina ladha, kama tango lililochemshwa. Mama akasema lilikuwa limeanza kulegea upande wa chini, mvua za wiki ile zilikuwa zimelowesha udongo, lingeoza. Sikumsikiliza. Nikamwambia mbele ya watoto, “Mama, hii bustani ni yangu. Ukitaka kuchuma, uniulize.”

Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mama yangu mzazi.

Alijibu neno moja: “Haya.” Tangu siku hiyo hajakanyaga nyuma ya nyumba. Anakaa barazani na tasbihi yake. Mimi natoka kazini giza linaingia. Bamia zimekomaa mpaka kisu kinagoma, matango yamekuwa ya njano, ngogwe zimegeuka nyekundu. Juzi amemwambia mume wangu amtafutie nauli, anarudi Lushoto kufunga huko, jicho la pili litasubiri baada ya Idi. Mume wangu ananiambia, “Yaani mboga tu, ndiyo mama ajisikie mgeni kwangu?”

Hilo “mboga tu” limeniuma kuliko boga.

Nifanye nini? Nimwangukie miguuni nimwachie bustani yote, au nisimame kwenye langu? Na naomba uniambie kwa haki: kati yetu sisi wawili, nani anajua siku ya kuchuma?

Mwenye Daftari, Morogoro

(Halafu, ngogwe zilizogeuka nyekundu bado zinaliwa?)

JIBU

Marahaba, Mwenye Daftari. Pole sana, na mimi sikucheki.

Kabla hatujafika kwa mama, turudi kwenye mstari mmoja ulioupita mbio: dawa. Umeuchomeka katikati ya malalamiko mengine kama jambo dogo, na kwangu ndio mstari mzito kuliko yote kwenye barua yako. Kila dawa ya wadudu ina siku za kusubiri, tangu kupigwa hadi kuchumwa, na zimeandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Nyingine ni siku 3, nyingine 7, nyingine 14. Nyanya inaweza kuwa nyekundu mpaka inang'aa na bado isiwe tayari kuliwa. Kuosha kunasaidia kiasi, lakini kuna dawa zinazoingia ndani ya mmea ambazo maji ya bomba hayazifuati huko. Umesema ni mwezi uliopita na hukutaja aliyeugua, basi moyo utulie. Siku nyingine mtu akila akapata kizunguzungu, akatapika, au mate na jasho vikamtoka ovyo, ni hospitali, na chupa ya dawa mkononi.

Mama yako haoni vizuri. Zile herufi ndogo za kwenye chupa, hata mimi nazisoma kwa kusogeza na kurudisha mkono. Kwa hiyo, yeyote atakayebaki na bustani baada ya haya, siku ya kupiga dawa mwambie kwa mdomo, na funga kanga kuukuu kwenye miti inayoegemeza nyanya, kimo cha mkono, aijue hata kwa kugusa. Hilo halisubiri mpatane. Lifanye leo.

Na ujiulize ilikuwaje siku ile ukanyamaza. Ulijua kilichomo kwenye lile bakuli la kachumbari, ukaogopa kuonekana mkosoaji, ukala na ukawalisha wanao. Wiki chache baadaye, kwa boga ambalo halikuwa na madhara kwa mtu, ukatoa sauti usiyoitambua. Naona kama vimetoka kwenye mfuko mmoja. Miezi minne yote ya asubuhi zile, kila beseni ulilolikuta jikoni uliliweka humo.

Sasa nikueleze ninavyoielewa barua yako, ukiona nimekosea unisahihishe. Ulikuwa na kitu kimoja kilicho chako, umekijenga kwa samadi na tarehe. Akaja mtu aliyekijenga kitu hicho hicho maisha yake yote, kwa ukubwa mwingine kabisa, akaanza kukitumia kama chake. Neno lililokuwa lako wewe kulitamka, “tayari”, likawa linatamkwa na mtu mwingine wewe bado umelala. Hiyo si hoja ndogo. Nasema hivyo kwa sababu ya “mboga tu” ya mume wako. Yeye aliyesomeshwa kwa mboga angekuwa wa mwisho kulitamka neno hilo, na ukipata wasaa wa utulivu unaweza kumkumbusha hivyo hivyo, kwa utani.

Lakini yapo mambo mawili matatu uliyoyaandika kama yana maana moja tu, na mimi nikiyasoma nayaona yana zaidi ya moja.

La kwanza ni lile la kutoka gizani. Umeliandika kama mtu anayenyemelea. Wenye mtoto wa jicho wengi hulalamikia mwanga: jua kali linawachoma, kila kitu kinakuwa na mng'ao mweupe. Huenda alfajiri ndiyo saa pekee mama yako anayoweza kusimama nje akafungua macho sawasawa. Tena ndiyo saa ya mboga za majani. Mchicha au sukuma ukichumwa kabla ya jua unakaa vizuri mpaka jioni, ukichumwa saa saba unalala kwenye beseni kabla hujawasha jiko. Aliyeuza mboga hawezi kuchuma mchana, mwili wake hautakubali. Inawezekana pia alikuwa anakukwepa. Mimi siko hapo. Ila hukumuuliza, naye hakukuuliza, mkaishi hivyo tangu mwezi wa kumi.

La pili ni rangi. Wewe unachuma kwa jicho na tarehe. Mtu ambaye macho yamemwekea ukungu, rangi zimefifia, anachuma kwa mkono: uzito, ulaini, namna kikonyo kinavyoachia. Ndiyo maana daftari lako halikumwambia kitu. Hawezi kulisoma, kwa maana zote mbili.

Halafu nyanya. Hapa nikae kidogo. Nyanya za Lushoto zinapandwa milimani zinaliwa Dar es Salaam. Zinapakiwa kwenye matenga, zinashuka zile kona mpaka Mombo, kisha ndiyo safari yenyewe inaanza. Nyanya iliyoiva vizuri ikipandishwa lori hilo inafika sokoni uji. Kwa hiyo mkono wa mama yako umefundishwa kuichuma pale tu inapoanza kugeuka, na hauna kosa: nyanya iliyoanza kuweka wekundu kitakoni imeshamaliza kukua, itaiva popote utakapoiweka. Isiyofaa ni ile ya kijani kitupu ambayo haijakomaa. Hiyo itanyauka tu boksini. Ukitaka kujua, kata moja katikati. Kisu kikikata na mbegu, ilikuwa changa. Mbegu zikiteleza kwenye ute zikakwepa kisu, ilikuwa imekomaa. Chungulia hilo boksi la biskuti, mama akikuruhusu, uone ni ngapi zimenyauka na ngapi zimeiva.

Na kuna jambo la joto ambalo huenda hukulihesabu. Joto likipita nyuzi 30, nyanya inashindwa kutengeneza wekundu wake sawasawa, inabaki na rangi ya chungwa. Januari na Februari ya Morogoro unaijua. Chini ya kitanda kuna ubaridi na kivuli. Yawezekana kabisa nyanya nyekundu kuliko zote nyumbani kwako mwaka huu zimeivia kwenye boksi la biskuti.

Hata hivyo hoja yako iko palepale. Bustani yako haina lori. Kutoka tuta hadi sufuria ni hatua ishirini, na nyanya iliyokaa mtini siku chache zaidi inapata utamu ambao ile iliyochumwa mapema haiupati. Mama anachuma nyanya ya safari, wewe unachuma ya sahani. Mkisema “tayari” hamsemi kitu kimoja.

Daftari lako nalo nilipende na nilihoji. Zile siku 75 za kwenye pakiti ya nyanya kwa kawaida huhesabiwa tangu kuhamisha miche, siyo tangu kusia mbegu kitaluni. Fungua uone tarehe uliyoandika ni ipi. Kama ni ya kusia, basi umekuwa ukizisubiri nyanya zako tangu siku ambayo hazikukuahidi.

Kwenye mchicha, daftari linamshinda mama. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari; Morogoro ni kama mita 500. Kule kuna baridi, mboga inakua kwa taratibu zake. Kwako mchicha ukipitisha wiki ya nne na joto hili unakimbilia maua, majani yanapungua na kukakamaa. “Haujashiba” ni hesabu ya mlimani. Ukate ukiacha kisiki cha shubiri hivi, utachipua tena.

Bamia, mdogo wangu, umenichekesha kidogo, nisamehe. “Hazijajaa”? Bamia haijai, inakuwa kuni. Shika ncha yake uipinde: ikivunjika kwa mlio, chuma, ikijikunja kama kamba, umechelewa. Kwa joto la kwenu ni siku nne mpaka sita tu tangu ua lifunguke, kwa hiyo zinapitiwa kila baada ya siku moja au mbili, hata ukiwa na mgeni, hata ukiwa na hesabu za kufunga mwezi. Tena zile zilizokomaa zikibaki mtini, shina linaona limeshapata mbegu, linapunguza kuzaa. Matango ni hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nina mtango nyuma ya nyumba, nilisafiri siku tisa mwezi wa kwanza, niliporudi nilikuta matango matatu ya njano kama mapapai na hakuna ua hata moja. Anza kwa kuyatoa hayo yote uliyoniandikia, utaona mimea inarudi.

Umeniomba kwa haki niseme nani anajua. Umeshaona ninavyohangaika.

Tumebakiwa na boga. Boga lililokomaa linajulikana: kikonyo kinakauka na kuwa kama gamba la mti, ngozi inakataa ukucha, na ule upande uliolalia ardhi unageuka manjano. Unalikata ukiacha kipande cha kikonyo, na linakaa miezi. La siku 92 linaweza kuwa limekaribia au bado. Hilo chepechepe ulilolionja linasema bado. Lakini hakuna mkulima asiyejua boga bichi halina ladha. Ndiyo maana nimesoma mara mbili pale ulipoandika kwamba lilikuwa limeanza kulegea chini. Udongo uliolowa huozesha boga kuanzia linapolalia, hata kama kikonyo bado cha kijani, na likishaanza, kulisubiri ni kuliacha lizidi kuoza. Kama ndivyo, mama aliokoa nusu. Au labda vidole vyake vilikosea, akasikia ulaini wa uchanga akadhani ni uozo. Mimi siwezi kujua, wewe pia huwezi, kwa sababu baada ya hapo umeandika neno moja, “Sikumsikiliza.” Swali hilo bado linaweza kuulizwa: “Mama, siku ile ulilikutaje?” Ila ukiliuliza kwa sauti ya mkaguzi wa hesabu, bora usiliulize. (Mwakani weka kipande cha ubao au nyasi kavu chini ya boga. Haligharimu kitu.)

Sasa ufanye nini. Nitakueleza njia ninazoziona pamoja na miiba yake, uchague wewe, maana ninyi ndio mnalala nyumba moja.

Kumwachia yote. Umeiweka hii pamoja na kuanguka miguuni, na hapo ndipo naipatia shaka. Ukimwachia huku moyo unasusa, atajua. Wazee wanaijua harufu ya susa kuliko tunavyodhani. Na jicho likishapona akarudi kwao, utabaki na matuta usiyoyataka tena.

Kugawana ni rahisi kusema. Lakini kuna mantiki yake hapa: bamia, matango na majani yanataka mtu aliyepo kila siku, na wewe mchana haupo. Nyanya na maboga yanaweza kusubiri jioni yako, au Jumamosi. Ningeogopa jambo moja, watoto kuanza kusema “tuta la bibi, tuta la mama”. Mkigawana, mgawane kazi, mpaka wa ardhi uache. Na anayetaka nyanya ya mboga ya mchana asihitaji kibali.

Njia nyingine ni kuingia wote wawili bustanini asubuhi moja, kabla jua halijachomoza, umwombe akuonyeshe mkono wake unavyojua. Nenda na daftari, uandike anachosema. Hii naipenda, na kwa sababu naipenda nakuonya: isiwe ujanja wa kumtuliza. Kama ukifika pale bado unatafuta ushindi, mtaishia kugombana juu ya hoho. Tena anaweza kukataa. Anaweza kusema amechoka. Basi rudi ndani, umpe chai, usibembeleze siku hiyo hiyo.

Kuomba radhi ni jambo jingine, usilichanganye na kumwachia bustani. Unaweza kuomba radhi kwa sauti, na kwa kusema mbele ya watoto, bila kusema kwamba bustani si yako. Tena unaweza kumwambia yote mawili kwa pumzi moja: “Mama, nilikosea kukusemea vile. Na pale nyuma napapenda sana, ndiyo maana niliumia.” Hilo la pili hajawahi kulisikia kutoka kwako. Alichosikia ni “yangu”. Kama watoto walikuwepo ulipomvunjia heshima, wawepo na hapo pia, angalau wapite pite.

Ipo pia njia ya kumwacha aende. Watu hupumzishana, na wakati mwingine mwezi mmoja wa mbali unafanya kazi ambayo maneno hayaiwezi. Ningeikubali haraka kama si jicho. Tarehe ya upasuaji ikishapita, kupata nyingine si kama kupanda basi, na mzee anayeona kwa jicho moja kwenye njia za milimani wakati wa masika ni wasiwasi. Kwa hiyo suala la nauli liwe la mume wako na mama yake, nalo lizungumzwe kama la matibabu, lisiwe na boga ndani yake. Mwombe mume wako asiwe hakimu wenu. Mpe kazi hiyo moja: jicho. Na kama anataka ya pili, ayaondoe matairi yaliyobaki.

Kuna kitu sijakuuliza, nawe ukifikirie ukiwa peke yako. Mama huyu tangu Oktoba amekuwa mgonjwa nyumbani kwa mkwewe. Anapelekwa kliniki, anapikiwa, anasomewa hata ujumbe wa simu. Kila alfajiri, kwa saa moja hivi, alikuwa anajua kitu kuliko kila mtu mle ndani. Sisemi hilo linampa haki ya kuchuma bila kuuliza. Haki yako ya kuulizwa iko palepale. Ila siku ukiingia bustanini naye, ujue unaingia na nani.

Ngogwe nyekundu hazina sumu, ila zimekuwa chungu zaidi, ngozi ngumu, mbegu tele. Za kupika ni zile nyeupe au za kijani zinazong'aa, kabla hazijaanza kuchukua rangi ya chungwa. Hizo nyekundu chagua tatu nne za shina lililozaa vizuri, zikamue mbegu kwenye maji, uzianike kivulini. Nyingine toa mtini, usiziache.